Pilipili ya Marehemu

Mdogo wangu Debora ndiye aliyeniingiza mtandaoni. "Dada Perpetua, mtu akitafuta chakula hapa Mikumi kwenye simu, mgahawa wako utatokea wa kwanza. Na ni bure!" Akafungua ukurasa kwa simu yake, akapiga picha sufuria zangu. Mimi nikawabembeleza madereva wa malori waandike walivyokula. Waliandika kweli, hasa kuhusu pilipili ya maembe mabichi ninayoisaga kwa mkono huu wenye kovu la mafuta.

Mwezi uliopita Debora akafungua mgahawa wake ng'ambo ya barabara. Nikamwombea baraka, nikampa na viti sita. Mjinga mimi!

Leo dereva mmoja, Samson, ameingia kwangu akashtuka kama aliyeona mzimu. Akanionyesha simu. Picha ni za sufuria zangu, sifa ni zangu, ila jina limebadilishwa kuwa "Kwa Debora" na ramani inaelekeza kwake. Chini, mteja aliuliza aliko yule mama mwenye kovu. Debora amemjibu: "Kwa masikitiko, dada yetu alifariki. Tunaendeleza mapishi yake."

Watu kumi na wanne wameniombea nilale pema.

Saa kumi jioni Debora akapita mlangoni, akapiga goti kama kawaida. "Shikamoo dada."

Nikaendelea kusaga. Akarudia kwa sauti, wateja wakageuka.

"Debora," nikamwambia, "tangu lini maiti akaitikia marahaba?"