Kipindi cha Tatu cha Bwana Kikomo

Profesa wangu alifundisha siasa miaka mingi kabla hajawa mkuu wa chuo, na somo lake kubwa lilikuwa moja tu: watawala wasiojua kuondoka. Wanafunzi tulimbandika jina la Bwana Kikomo. Alikuwa akisimama mbele yetu na chaki mkononi, anawaiga hao wakubwa mmoja mmoja, "wananchi ndio wanaonitaka," nasi tunacheka mpaka mbavu zinauma. Ndiye aliyesimamia tasnifu yangu, ndiye aliyenipigania nikapata kazi hapohapo chuoni, na harusini kwangu alikaa kwenye kiti cha baba yangu marehemu. Kwa hiyo mtu asije akaniambia nilimchukia.

Vipindi vyake viwili vya ukuu wa chuo vilipokaribia kwisha, nilijua ataaga kwa heshima zake. Thubutu! Watu wakaanza kunong'ona kwamba jengo la maabara halijaezekwa, kwamba bila yeye chuo kitayumba, kwamba sharti la vipindi viwili lilegezwe. Mke wake aliniita jikoni kwake, akafunga mlango, akaniambia amechoka kula peke yake, na kwamba kila akigusia habari ya kustaafu mzee anakuwa mbogo. "Wewe anakusikiliza, mwanangu," aliniambia. "Mrudishe nyumbani angali na heshima yake."

Nilimfuata ofisini. Alinisikiliza vizuri, akanimiminia chai kwa mkono wake, halafu akanieleza kwamba wale aliokuwa akitufundisha habari zao waling'ang'ania kwa tamaa, ila yeye ana kazi ya kumalizia. Sijawahi kumwonea mtu huruma kiasi kile.

Ikafika siku ya kikao cha seneti ya chuo, cha kuamua habari ya kipindi cha tatu. Utaratibu wetu ni kwamba anayejadiliwa hutoka nje, na kura hupigwa kwa siri. Yeye hakutoka. Alibaki palepale kwenye kiti cha mwenyekiti, akasema sisi ni familia moja, tusifichane, tunyooshe mikono tu yaishe. Mtu aliyeandika vitabu vizima kulaani kura za namna hiyo! Wakuu wa idara wenzangu wakatazamana, kisha mikono ikapanda, mingine polepole, mpaka wa yule aliyekuwa akimsengenya asubuhi hiyohiyo kwenye ngazi.

"Anayepinga?" aliuliza, huku tayari anakusanya karatasi zake.

Nikanyoosha mkono. Alinitazama juu ya miwani yake, bila hasira hata chembe, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Shusha mkono, mwanangu, utachoka bure," alisema. Kisha akamgeukia msajili. "Andika wajumbe wote wamekubali."

Msajili akaniangalia, akaangalia meza, akaandika. Nami nililia mbele ya watu wazima wenzangu, mkono ukiwa bado juu.