Glasi Mbele ya Kiti Kitupu

Ufukwe wetu wa kaskazini una viwanda sita vidogo vya bia, na hakuna kijana anayevijua kama mimi. Naijua ile nyeusi inayopikwa pamoja na maganda ya chaza. Naijua ile ya chumvi ya bahari, ambayo ukiinywa unatamani maji. Najua mpishi yupi ana kipara na yupi anaongea na matangi yake kama anayewatembelea wagonjwa. Vitano kati ya hivyo nilivitembelea bega kwa bega na kaka yangu Kiyotaka, Jumapili baada ya Jumapili.

Hivyo ndivyo nilivyomwambia baba, na baba aliamini, maana mdomo nimejaliwa.

Ukweli ni kwamba nilifika kimoja tu, cha kwanza. Glasi moja ilinifanya mwekundu kama pweza wa kuchemsha, nikatapika nyuma ya banda la baiskeli, nikasema basi. Lakini baba alikuwa ametuachia Jumapili tupumzike na kazi ya mwani kwa sharti moja: tutoke wote wawili. Tangu mama afariki, kila mtu alikuwa ameanza kulia chakula chumbani kwake, na baba hakutaka tuzoee. Kwa hiyo tuliongozana hadi stesheni. Kiyotaka alipanda treni, mimi nikavuka barabara kuingia ukumbi wa pachinko, ile kamari ya mashine, kupoteza vipira vyangu vya chuma mbele ya mashine. Jioni tulikutana palepale, na tukipanda kilima kurudi nyumbani alinifundisha nilichokunywa.

"Leo umekunywa ya ndimu," aliniambia siku moja. "Ukaisifu sana. Halafu ukamwuliza mpishi swali la kijinga."

"Swali gani?"

"Chagua mwenyewe. Maswali yako yote ni ya kijinga."

Kadi zetu mbili za mihuri alizibeba yeye. Kila kiwanda kina muhuri wake, na ukimaliza sita unapewa kikombe cha udongo. Pembeni ya kila muhuri Kiyotaka alichora samaki mdogo, kwenye kadi yake na kwenye yangu. Ilipofika vuli tulikuwa na mihuri mitano, na akaanza kuniomba cha mwisho twende wote, hata kama nitakunywa chai. Nikamwambia wiki ijayo. Jumapili iliyofuata nikamwambia hivyo hivyo, na nyingine, na nyingine. Mwezi wa pili moyo wake ulisimama akiwa kwenye mashua yetu, kamba ya mwani mkononi. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Siku tatu kabla ya ile ya arobaini na tisa tangu afariki, ambapo chungu cha mifupa yake iliyosalia baada ya mwili kuchomwa kingeingizwa kaburini, baba aliziweka kadi zile mezani. Alisema kadi ya Kiyotaka itakwenda naye, lakini haiwezi kwenda na pengo. Akaniuliza njia, kwa kuwa mimi ndiye mwenyeji.

Kwenye treni hatukuona bahari. Tuliona ukuta wa kuizuia tu, saruji mwanzo hadi mwisho.

"Kuna kitu kimoja kinanipa usingizi, Wataru," baba alisema bila kunigeukia. "Mwanangu hakunywa peke yake."

Nikamsimulia jinsi nilivyomwuliza mpishi mwenye kipara kama nywele zake ziliishia kwenye tangi. Baba akacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nikaona kumbe uongo wangu bado una kazi, nikamwongezea mwingine.

Kiwanda cha sita kiko kwenye ghala la zamani la barafu, kando ya bandari. Mwenyewe, Bi Onodera, alitupokea kwa viatu vya mpira, mikono imelowa hadi viwikoni. Baba akaagiza glasi tatu. Ya tatu akaiweka mbele ya kiti kitupu, kama bibi alivyokuwa akimwekea yeye bakuli la wali zamani alipokuwa mbali kwenye meli za jodari, ili huko aliko asishinde njaa. Hatukugonganisha glasi. Kwa marehemu hatugonganishi.

Nikanywa mafunda mawili. Uso ukaanza kuwaka.

"Viwanda vitano, na bado unakuwa hivyo?" baba aliuliza.

Nikasema ni joto. Nje theluji ilikuwa bado imekaa juu ya mapipa.

Bi Onodera alikuja na muhuri wake na kidau cha wino. Aliitazama glasi ya tatu, akatabasamu.

"Vuli iliyopita alikuja mteja akafanya hivihivi," alisema. "Glasi moja yake, nyingine mbele ya kiti. Nikampa pole. Akacheka mpaka akapaliwa. Akaniambia, hajafa, Bi, ni mdogo wangu, ana shughuli zake. Eti kila kiwanda anamwagizia ya kwake, halafu anaimalizia yeye isimwagwe."

Baba aliiweka glasi yake chini.

"Na muhuri akaukataa," Bi Onodera aliendelea, akiivuta kadi ya juu kati ya zile baba alizoziweka mezani. "Alisema huu wa mwisho atarudi wagongewe wote wawili. Nimekuwa nikiwangoja."

Akaifungua kadi. Akawaona samaki watano, walewale aliowaona vuli. Mkono wenye muhuri ukabaki hewani. Alikitazama kile kiti, akamtazama baba na tai yake nyeusi ya msiba, kisha akanitazama mimi, uso mwekundu hadi masikioni.

"Ndiwe yule mdogo wake?" aliuliza taratibu.

Niliutafuta mdomo wangu, ule niliojaliwa.

"Unaulizwa, Wataru," baba alisema. "Jibu."