Mabusu ya Mlangoni

Hebu niambie, wewe umewahi kufagia mabusu? Ufagio mgumu hauyawezi. Yanataka ufagio laini, na mkono usio na papara, la sivyo yanapeperuka kama maganda ya vitunguu na kukimbilia chini ya makochi.

Shangazi aliyajua hayo kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa yakimchosha kiuno kila Jumamosi, wageni wakishaondoka kwa binti wa kaka yake. Watu wenye magari ya maana walimwita binti huyo Lulu. Shangazi walimdhani mfanyakazi, na Lulu hakuwahi kuwasahihisha.

Wageni walipofika mlangoni, walimshika Lulu kwa ncha za vidole, wakasogeza shavu karibu na shavu, wakabusu hewa upande huu na upande ule, poda isije ikaharibika. Mabusu yalikosa pa kutua, yakaanguka. Ya wanawake yalikuwa na rangi ya midomo. Ya wanaume yalikuwa makavu, yakikanyagwa yanalia. Siku moja mke wa wakili aliteleza juu yake, akasema zulia limechakaa. Zulia likabadilishwa.

Jumamosi hiyo Lulu aliamka na homa.

"Wapigie wasije," shangazi alisema, akimpulizia uji.

"Waache waje. Watakayemkosa ni mimi, si watauliza?" Lulu akaegemea mto. "Atakayeniulizia, mpandishe huku. Muwekee kiti hapo karibu."

Shangazi akaleta kiti, akakipangusa, akakiwekea na mto mdogo wa maua.

Alasiri vicheko vikajaa sebuleni. Kitini hakuja mtu. Lulu akajifunga shuka mabegani, akatoka, akaketi kwenye ngazi ya juu kabisa kutazama.

Pale mlangoni alipozoea kusimama, kando ya chombo cha maua, hapakuwa na mtu. Wageni walikuwa wakipashika kwa ncha za vidole. Shavu upande huu, shavu upande ule.

"Mpenzi! Unazidi kuwa kigoli!" mke wa wakili aliiambia ile nafasi tupu. "Na hilo gauni, jamani! Fundi wako tutamwiba."

Mumewe akacheka sana, kana kwamba amejibiwa.

Shangazi akamsogelea mke wa wakili na sinia la glasi. "Mwenyewe yuko juu, mama. Anaumwa."

"Sawa, sawa. Niongezee barafu."

Mabusu yakaanguka kama siku zote. Picha zikapigwa, watu wakabanana huku na huku, wakaacha pengo katikati. Jua lilipopoa waliliaga lile pengo, wakaliahidi kurudi Jumamosi ijayo, na mke wa wakili akaliambia lisiwe linajificha hivyo, lionekane mjini.

Milango ya magari ilipokwisha kugongwa, Lulu akashuka miguu mitupu.

"Polepole, utateleza," shangazi alisema. Alikuwa amepiga magoti, anayatoa mabusu chini ya kabati. "Leo mengi kuliko siku unazokuwepo."

"Hakuna aliyeuliza?"

"Mmoja aliuliza. Choo kiko wapi."

Lulu akaokota busu moja lenye rangi ya zambarau, akalibandika shavuni. Lilikuwa baridi, halikushika. Likadondoka, akaliokota tena na kulitia kwenye beleshi la taka pamoja na mengine, kisha akaketi ngazi ya chini.

"Urudi kitandani, nikuletee supu."

"Shangazi."

"Nakusikia."

Lulu akawa anachezea pindo la shuka. Shangazi akaendelea kufagia hadi ufagio ukagusa vidole vya miguu vya Lulu. Hapo akasimama kumngoja.

"Nikumbatie."

Shangazi akaitazama mikono yake. Miaka yote hiyo alikuwa akijiepusha na magauni ya Lulu, asije akayachafua. "Nina vumbi mwili mzima, mwanangu."

"Njoo na vumbi lako hilo hilo," Lulu alisema. "Nilikuwa nataka mtu anishike tu."