Unene wa Betri

Simu ya Léontine ilikuwa ya vibonye, yenye tochi kichwani, na haikuwahi kuzimwa tangu vita vilipomleta Karuba. Wenzake walizima zao ili betri ifike siku ya soko. Yeye alikataa katakata. Binti yake Wivine aliijua namba ile kwa moyo. Alifundishwa nyumbani Muheto, mkono kwenye ungo wa maharage, kabla hawajaenda pamoja soko la Kibua. Risasi zilipolia huko sokoni, mama alisukumwa na watu kuelekea barabarani, mtoto akamezwa na wale waliokimbilia msituni.

"Siku atakapoazima simu ya mtu," Léontine alikuwa akisema, "akikuta yangu imezimwa, atajua mama yake alikufa."

Mama Kasoki, Mnande mwenye duka dogo karibu na kanisa, alikuwa na paneli ya jua ya kuchajia simu za kijiji, mpaka wenye bunduki walipoing'oa juu ya bati. Tangu hapo simu zilikwenda Mushaki ndani ya kapu, juu ya pikipiki. Ya Léontine haikuingia kapuni. Aliipeleka kwa miguu yake, akaketi kando ya waya mpaka ijae, akarudi nayo kifuani.

Ndiyo maana asubuhi ile ya ukungu, Kétsia alipofika kutoka Kibua, simu ya Léontine peke yake ndiyo iliyokuwa imejaa.

Kétsia alikuwa msichana wa parokia aliyezunguka nyumba kwa nyumba akiwapiga video watoto waliopotezana na wazazi. Video hizo alizitia kwenye diski, kisanduku kilichoweza kuzirusha hewani hadi kwenye simu za kioo zilizo karibu, bila mtandao wowote. Akina mama waliifahamu kwa kusikia tu. Safari iliyopita aliahidi kuileta, akashikwa kwenye barieri, kizuizi cha askari, tangu asubuhi hadi jua kuzama, kwa kuwa kisanduku kilikuwa kinene kama miche miwili ya sabuni na askari walisema ni fonie, redio ya kuongea na waasi. Walimrudisha alikotoka.

Leo alikuwa amepita. Kwenye ukumbi wa kanisa alitua kapu, akaondoa chikwange, mikate ya muhogo, mmoja baada ya mwingine, na chini kabisa akatoa kitu bapa kilichofungwa kwa jani la mgomba.

"Eh!" Mama Kasoki alipiga makofi. "Kimekonda! Na chenyewe kimekimbia vita?"

Wanawake wakacheka. Kétsia hakucheka sana. "Unene wote ulikuwa wa betri, Mama. Tuliitoa. Fundi wa kwetu alisema simu itakilisha kwa waya huu. Tulijaribu, kikawaka."

Walichojaribia Kibua kilikuwa simu mpya, iliyojaa pomoni. Hapa Karuba Mama Kasoki alitoa yake ya kioo, iliyopasuka pembeni. Kétsia akachomeka waya. Taa ya bluu ikawaka, kitu ndani kikaanza kuzunguka, kikasema ka, ka, ka, kikanyamaza. Simu nayo ikazimika, ikabidi iwashwe upya. Walijaribu ya Mukankusi, mama aliyekuwa akitafuta wavulana wake mapacha. Ka, ka. Kimya.

Kétsia alijaribu tena, na tena. "Nisameheni, wamama. Niliogopa barieri peke yake. Sikufikiria simu za huku."

Hakuna aliyemkaripia. Mtu hawezi kumkaripia msichana aliyekanyaga matope siku mbili akiwa na watoto wa watu chini ya chikwange. Lakini Léontine alikisogelea kile kisanduku. Wivine huenda alikuwa mule ndani, karibu kuliko alivyokuwa tangu siku ya risasi, na kilichokosekana ni moto kidogo tu wa betri.

"Betri yake ilikuwa namna gani?" aliuliza.

"Kama hizi za simu, Mama. Nguvu ileile, ila yenyewe kubwa."

"Sasa si tuzipange?" Mukankusi akadakia. "Kama vile papa yangu alipanga mawe ya radio mu mwanzi."

Wote waliujua mwanzi ule. Mawe ya tochi, yaani betri zake, yakichoka, mtu hayatupi. Anapasua mwanzi, anayalaza humo kwa mstari, mengi ya kutosha, na radio inasema tena. Kétsia aliinua uso.

"Inawezekana," alisema polepole. "Lakini hizi hatuzifuatanishi. Tutazilaza ubavu kwa ubavu, chanya na chanya, hasi na hasi. Zikifuatana zitaunguza."

Wenye simu za kioo walibaki nazo za kutazamia, wakiuhifadhi moto uliobaki. Wenye simu za vibonye walizifungua migongo. Betri zikalazwa ndani ya ubao wa mwanzi uliopasuliwa, zikabanwa kwa mpira uliokatwa kutoka kwenye gurudumu la baiskeli, na nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, zilizobaki pale betri ya zamani ilipokuwa, zikaunganishwa. Diski ikazunguka. Mara hii ilikwenda mbali zaidi. Jina lake lilitokea hata kwenye kioo cha simu ya Mama Kasoki. Halafu ka, ka, ka.

"Zimechoka," Kétsia alisema. "Tungepata moja yenye kujaa…"

Hakumtazama Léontine. Hakuna aliyemtazama, na huko kutotazamwa kulikuwa kuzito kuliko kuombwa. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuifunika simu kifuani.

"Na akipiga sasa hivi?" alisema. "Hii dakika, akipiga?"

"Mwenzangu," Mama Kasoki akamjibu, na mzaha ulikuwa umemtoka, "amekuwa na dakika nyingi za kupiga. Pengine huko aliko simu yenyewe haiko. Mufate mwenyewe, humu ndani."

Léontine aligeukia ukuta, kama mtu anayenyonyesha mbele ya wageni. Alikitazama kioo kidogo cha kijivu. Hakuna aliyepiga. Akaomba kwa midomo, akabonyeza kile kibonye chekundu, na kwa mara ya kwanza tangu Kibua simu ile ilikuwa giza. Akampa Kétsia betri ikiwa na joto la mwili wake.

Sasa kile kifurushi kilikuwa kinene kupita diski ya zamani; askari yeyote angeapa ni bomu. Kikazunguka, kikaendelea kuzunguka.

Watoto wakaanza kutokea. Kila mmoja alisema jina lake, la mama, la kijiji, halafu akatazama pembeni, asijue aache saa ngapi. Wanawake walisogea hadi mashavu yakagusana. Walipofikia msichana mrefu mwenye kichwa kilichonyolewa, Léontine alikuwa karibu kuruhusu apite. Kisha msichana akasema, "Naitwa Wivine. Mama yangu ni Léontine, wa Muheto."

Léontine alikishika kioo kwa mikono miwili. Nyuma ya Wivine palikuwa na mwanamke mwenye kitambaa cha kijani, na mkono wa mwanamke yule ulikuja ukamnyoosha mtoto ukosi wa gauni, kwa haraka, kama afanyavyo mama.

"Ni nani huyu?" alimuuliza Kétsia.

"Mama Joséphine-Marie. Alimuokota njiani, akamleta kwake. Ana simu, Mama, lakini mtandao uko juu kilimani tu. Hupanda jioni. Namba ninayo."

"Na Wivine… hakupiga?"

"Alipiga, mara nyingi. Alisahau katikati ya namba. Ilimpata mtu wa Bukavu."

Léontine alicheka na kulia kwa pumzi moja. Mkono wake ukaenda kwenye mwanzi, ukashika pembe ya betri yake. Angepanda kilima cha Karuba sasa hivi, mtandao usije ukamkatikia, angengoja jioni huko huko juu.

"Mama," Kétsia alisema kwa sauti ndogo, "ukiitoa, inazima. Na simu ya Mama Kasoki iko inaisha."

Mukankusi alikuwa amepiga magoti mbele ya kioo. Mapacha wake hawakuwa wametokea bado. Aliyatazama tu macho ya mwenzake na vile vidole vilivyoshika betri.

Léontine aliachia betri. Aliufuta ufa wa kioo kwa ncha ya kitenge chake, akamsogezea Mukankusi simu karibu.

"Jioni iko mbali," alisema. "Tazama vizuri, dada. Wananyolewa, wanabadilika. Mimi wa kwangu nilikuwa karibu kumuacha apite."