Jani Nililompelekea Sirili

Sauti ya Sirili ilitoka mezani, kati ya kikombe changu cha chai na ungo wa maharage niliyokuwa nachagua. Sirili mwenyewe alikuwa kule chini barabarani, ndani ya gari lake, vioo vimepandishwa, migomba na mstari mzima wa kahawa vikitutenganisha. Hata kofia yake sikuiona. Lakini nilimsikia akivuta pumzi kana kwamba ameniegemea begani.

"La kushoto limekwisha," alisema. "Daktari anasema hata la kulia tusilitegemee sana."

Mkewe, Eunike, akamuuliza nani mwingine anajua.

"Wewe na mimi. Na iishie hapo. Nani atapanda gari la dereva kipofu?"

Loveness aliifunga kompyuta yake kwa kishindo. Mjukuu wangu huyu ni mtaratibu, hata yai halivunji kwa haraka.

"Bibi, hukusikia kitu."

"Nimesikia."

"Najua umesikia. Nakwambia hukusikia."

Ule haukuwa udukuzi wa wizi. Sirili ndiye aliyemwita. Alikuwa amefunga redio mpya za skrini kwenye magari yake kumi na mawili yanayobeba wageni wa mlima kutoka Himo, zile redio zinazoonyesha njia na kupokea simu, naye akasikia mahali kwamba wezi wa siku hizi huingia garini bila kugusa mlango. Loveness ana chumba cha kazi pale Njoro. Kazi yake ndiyo hiyo: anajaribu kuingia kama mwizi, halafu anamwonyesha mwenye gari alipopitia. "Jaribu kwa hili langu," Sirili alimwambia. "Ukishindwa, nami nitapumua." Akaliegesha chini ya kihamba chetu, shamba letu la migomba na kahawa, akaenda na mkewe kumsalimia padre. Sisi tulidhani gari ni tupu. Kumbe manyunyu yamewarudisha, wamekaa ndani wakingoja yakatike.

Shule yangu iliishia darasa la nne. Mambo ya kompyuta Loveness hunieleza kwa vitendawili, maana ndivyo nilivyomlea, jikoni, yeye akimenya ndizi na mimi nikitega.

"Kitendawili," alisema jioni ile, Sirili alipokwisha kuondoka na gari lake.

"Tega."

"Nimejenga nyumba kumi na mbili, nimezifunga zote, ufunguo nimeutundika barabarani."

Nikataja mizinga, nikataja makaburi. Nikashindwa, nikampa mji wa Arusha, akautembea wote kwa maringo ndipo akanijibu.

"Redio za Sirili. Zote zimetoka kiwandani na neno la siri moja, na neno lenyewe limeandikwa kwenye kitabu chake, mtandaoni, yeyote analisoma. Akikaa jirani na gari anasikia wanaoongea ndani. Anaona gari lilikokwenda jana. Anasoma majina yote ya kwenye simu."

"Na breki?"

"Breki hapana, Bibi. Watu tu."

Aliandika ripoti ya kurasa sita. Yale aliyoyasikia hakuyaandika.

Sasa niseme nilichokifanya mimi. Mtu akiumwa huwa nampikia mtori, supu yetu ya ndizi na nyama. Nimefanya hivyo tangu nilipoolewa Kilema, na sijawahi kujiuliza nimejuaje kwamba anaumwa. Habari za ugonjwa kwetu hutembea zenyewe, unazikuta mlangoni. Siku ya Alhamisi nikapika mtori, nikaifunga sufuria kwa kanga, nikashuka nao Himo mpaka uani kwa Sirili. Madereva walikuwa wanaosha magari.

"Shikamoo, Mama Antoni," Sirili alinisalimu. Yeye na mwanangu Antoni walibatizwa siku moja.

"Marahaba, mwanangu. Pole na jicho."

Matambara yakasimama juu ya vioo.

"Jicho gani tena, bosi?" aliuliza Primus, dereva mkubwa pale uani, huku anacheka. Kisha akaacha kucheka.

Sirili aligeuza kichwa chake taratibu ili anitazame na lile la kulia. Sufuria aliipokea.

Kabla jua halijazama alikuwa amempigia Loveness simu: kumbe wewe kazi yako ni kusikiliza watu. Ripoti aliirudisha haijafunguliwa, akasema Jumatatu anakwenda polisi. Ijumaa mwalimu mmoja alifika Njoro kuchukua gari lake, dashibodi bado imefunguliwa, nyaya zinaning'inia. Jumapili baada ya misa nilisikia wanawake wakimwita Loveness "yule mwenye masikio". Fundi wa kazi kama ile huishi kwa ufunguo anaopewa na mtu aliyemwamini. Wakiacha kumpa, afadhali afunge mlango arudi kupalilia.

Sikutulia. Nilifagia ua uliokwisha kufagiwa. Nilikwenda kumkamua ng'ombe niliyemkamua asubuhi ile ile, naye akanigeukia kwa mshangao. Mwishowe mikono ikaenda ilikozoea. Nilikata jani la isale, ule mmea wetu wa mpakani, nikalipiga fundo, nikampelekea Sirili.

Isale halikataliwi. Hata kama umeuliwa mtoto, aliyemuua akija na jani lile kuomba msamaha, unalipokea, na jambo lenyewe halitajwi tena.

"Mjukuu wangu amekukosea," nilimwambia. "Msamehe."

Alilipokea kwa mikono miwili. "Yamekwisha, Mama Antoni."

Nilirudi nimekuwa mwepesi, nikipanda mlima kama msichana. Loveness alikuwa kizingitini, amekuja kunitazama, anamenya ndizi. Nikamweleza. Aliweka kisu chini.

"Ulisema maneno gani, Bibi? Yale yale."

Nikayarudia.

"Basi umekiri kwa niaba yangu."

"Polisi hataenda tena, mama."

"Angeenda. Ningewaonyesha ujumbe wake wa kuniita. Ningewaambia nilifunga mashine papo hapo." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo liliniumiza. "Sasa imekwisha, haizungumzwi, kwa hiyo hata redio hazizungumzwi. Zitaendelea kubeba wageni vile vile. Na mimi nimeshakuwa mwizi aliyesamehewa."

Alichukua mkoba wake. Mlangoni akageuka.

"Mtori sikupika mimi, Bibi."

Alikaa Njoro wiki tatu bila kupanda. Nikipiga simu anajibu kwa heshima zote, shikamoo Bibi, ng'ombe hajambo, dawa unakunywa, kama anavyomjibu mgeni. Kila gari la Sirili lililopita barabarani nililiangalia mpaka linapotea kwenye kona, na kila mara nilijiuliza nani amekaa jirani nalo, anasikiliza. Siku moja nikaona lile la kwanza likipita polepole, Sirili mwenyewe yuko kwenye usukani, nyuma wageni wanne wanapiga picha migomba yetu. Nikavaa viatu vya kanisani, nikamsimamisha kijana wa bodaboda.

Uani kwa Sirili madereva walikuwepo wote. Sikuomba tuingie ndani.

"Baba Doris," nilimwambia Sirili, "lile isale lilikuwa langu."

"Isale halirudi, mama."

"Sijaja kulichukua. Nimekuja kusema ni la nani. Yule mtoto ulimwita mwenyewe. Alifunga mashine papo hapo, akanikataza kusema. Aliyebeba maneno yako mpaka hapa, ndani ya sufuria, ni mimi."

Primus akakohoa.

"Kumbe wa kuogopwa siyo redio, ni bibi."

"Ndiyo," nilisema. "Na zile karatasi zake mzisome. Kama bosi wako haoni vizuri, wewe utamsomea."

Nilijua nimevuka mpaka. Sirili aliuelekeza uso kwenye magari, kisha akanyoosha mkono hewani, kiganja juu, na Primus akaelewa kabla yangu. Alikuwa anampa funguo za gari lake, aendeshe yeye. "Ongea na Loveness," alimwambia. "Mwambie alete zile karatasi."

Redio ziling'olewa wiki ile. Kuzirekebisha alipewa fundi wa kutoka Arusha, siyo Loveness. Yule mwalimu alirudisha gari lake kwa Loveness. Wengine hawakurudi.

Alipanda kwangu siku ya somo wangu, Mtakatifu Theopista. Nilimngoja ale kwanza. Isale liko hatua kumi kutoka mlangoni kwangu, lakini sikulikata. Nilitaka awe na nafasi ya kukataa.

"Nilikukosea wewe," nilimwambia. "Nisamehe ukiweza."

Alitazama sahani yake.

"Nimesikia, Bibi."

Akaichukua sahani akaenda kuiosha, nami sikumsukuma. Sasa ni mwaka wa pili. Anakuja, tunacheka, tunategeana vitendawili, ananisugua miguu kwa mafuta. Ila akija na gari la mtu na kompyuta yake, huniomba kwa upole niende nikakate majani ya ng'ombe, kule bondeni, mbali. Nachukua mundu naenda. Huwa nakata mengi kuliko anayoweza kula ng'ombe mmoja, kisha nakaa juu ya mzigo, nangoja mpaka aniite.