Kivuli Hakikuhama

Verna Tollefsrud alishuka kwenye gari la jirani yake Lucille akiwa amekumbatia bakuli la viazi vya kuokwa na nyama ya kusaga, lililofunikwa vizuri kwa foili. Kwao mtu haendi mahali mikono mitupu, hata kama anakokwenda ni serikalini. Theluji ya Machi ilikuwa imegeuka tope, na viatu vyake vya kanisani vilishalowa.

"We Verna, unampelekea jaji chakula? Watasema rushwa."

"Basi tutakula wenyewe tukishindwa."

"Na tukishinda?"

"Tutakula vilevile. Funga mlango, baridi inaingia."

Jengo lilikuwa jipya, bado linanuka rangi. Zamani kila idara ya jimbo ilikuwa na majaji wake ndani ya nyumba yake. Kinyozi aliyenyang'anywa leseni alisikilizwa na watu wale wale waliomnyang'anya. Bunge la jimbo likaona haifai anayekushtaki na anayekuhukumu walipwe kutoka mfuko mmoja, likawakusanya majaji wa idara zote chini ya paa moja. Malori yalibeba meza, viti, bendera na mashine za kahawa. Vivuli vya majaji vilikataa kuhama.

Fundi wa jengo aliwaeleza waliouliza, na hawakuuliza wengi. Vivuli vilikuwa vimetumikia idara za zamani kwa muda mrefu, alisema, na pensheni yao ilikuwa kule. Watu wakaona ni sawa.

Jaji Orrin Dahlquist alikuwa ametoka Idara ya Malezi. Alikuwa mrefu, mpole, na alikuwa na tabia ya kusugua goti lake la kushoto. Chini ya kiti chake sakafu ilikuwa nyeupe tupu. Shida ilikuwa taa. Taa za jengo lile zilijizima zisipoona mtu anatikisika, na mtu asiye na kivuli hazikumtambua hata arukeruke. Kwa hiyo mashauri yake yaliendeshwa kwa kupungiana mikono.

"Bibi Tollefsrud, uwe unanisaidia," alisema chumba kilipoingia giza. Verna akainua mkono akaupunga. Taa zikawaka.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Verna alilea watoto wa majirani nyumbani kwake tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Wa mwisho walikuwa pacha, Ada na Boone, ambao mama yao huingia kiwanda cha bata mzinga kabla hakujapambazuka. Idara ilimnyang'anya leseni ya ulezi, ikisema lango la nyuma lilikutwa wazi na watoto wakiwa uani kwenye baridi. Tangu siku hiyo nyumba ilikuwa kimya. Verna alikunja viblanketi vya pacha, akavikunjua, akavikunja tena, hakupata pa kuituliza mikono yake. Alitaka watoto warudi. Hakutaka kitu kingine.

Jaji alimgeukia mkaguzi wa Idara, kijana aitwaye Pruitt.

"Wewe uliingia kwa lango gani?"

"La nyuma, Mheshimiwa."

"Ulilikuta wazi?"

"Nilipogeuka lilikuwa wazi."

"Na kabla hujageuka?"

Taa zikazimika. Verna akapunga. Zilipowaka, Pruitt alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nililifungua mimi," alisema. "Komeo lile lazima ulinyanyue kidogo ndipo likaze. Sikujua."

Jaji akasema leseni irudi. Lucille akampiga Verna begani. "Hongera, shoga!"

Jaji akasugua goti. "Hili ni pendekezo," alisema.

"Pendekezo maana yake nini, Mheshimiwa?"

"Ni kama posa, Bibi. Mimi nimepeleka posa tu. Wenye binti wanaweza kukataa."

Sheria iliwahamisha majaji. Neno la mwisho ililiacha kwa mkurugenzi wa Idara.

Theluji ilipokwisha kabisa, Verna aliitwa kwa mkurugenzi, Bwana Whitcomb, akaambiwa posa imekataliwa. Ukutani, juu ya kiti kitupu, kilikaa kivuli kirefu kinachosugua goti la kushoto.

"Lakini mkaguzi alikiri," Verna alisema.

"Alikiri kule, mama. Hapa hajakiri."

"Na jaji?"

"Nimeyasoma yake, ameandika vizuri. Lakini na mimi nina wa kushauriana naye." Akaelekeza kalamu ukutani. "Huyu tumekaa naye miaka. Anaijua Idara."

"Shikamoo, Mheshimiwa," Verna alikiambia kivuli, maana adabu ni adabu. Kivuli kikasimama, kama mtu aliyelelewa vizuri anavyosimama mbele ya mzee. Bwana Whitcomb akakohoa. Kikakaa.

Nje alimkuta Jaji Dahlquist kwenye ngazi, amebeba kifurushi cha chakula cha mchana. Alikuja kila siku saa ya mapumziko kukaa karibu na kivuli chake.

"Kimekataa?" jaji aliuliza.

"Kimekataa."

Jaji alitikisa kichwa. "Mimi ningekupa tena, Bibi."

"Najua. Na goti?"

"Linatuuma wote wawili."

Akapanda ngazi.

Siku hizi Verna hukaa dirishani kuanzia alfajiri. Lango la nyuma limekazwa, na viblanketi vimekunjwa. Kila baada ya kitambo kidogo huinua mkono na kuupunga, ingawa taa za nyumbani kwake hazijizimi. Lucille amejaribu kumwambia aache, ameshindwa. Gari la mama wa pacha hupita pale likiwapeleka kwa mlezi mwingine, mji wa pili, na Ada na Boone, wakidhani wanasalimiwa, humpungia.