Mwambie Mwenyewe

Albano aliposukuma kando sahani ya ugali na dagaa, mjomba Kornelio aliweka tezo chini. Mpwa wake huyo alikuwa mtu mzima, ndevu zimemjaa, na katika miaka yote aliyokuwa akipiga msasa vinyago kwenye kibanda chao pale Mwenge hakuwahi kuukataa ugali. Alikuwaga anakula kwenye kigoda kile kile, akiwa amewapa watu mgongo, na ole wake atakayemsemesha kabla hajanawa. Siku hiyo alijikunja kama ngozi iliyosahauliwa juani, akaanza kujiuma mkono.

Kornelio akampigia simu Eufrazia, dada yake Albano, karani kwenye kiwanda cha ndoo za plastiki Mikocheni.

"Mwanangu, njoo. Ndugu yako hayuko sawa, na siongelei hali yake ya siku zote."

Eufrazia alikuja na vumbi la bohari mikononi. Alimkuta Albano ameegemea gogo la mpingo, anayumba mbele na nyuma, akirudia neno moja tu: "Kadi nyekundu. Kadi nyekundu."

Albano alizaliwa na usonji. Maneno yake yalikuwa machache, na mengi aliyaokota kwenye matangazo ya mpira redioni, akayapa maana zake mwenyewe. "Mpira umetoka" ilikuwa amechoka, tumwache. "Kona" ilikuwa anataka chai. "Kadi nyekundu" aliisema mara chache sana. Aliisema siku patasi ilipompasua kidole, na siku jino lilipomwozea mdomoni. Nyumbani kwao hakuna aliyehitaji kuambiwa maana yake.

Wakampakia kwenye bajaji, wakampeleka hospitali.

Daktari wa zamu aliitwa Ansbert, kijana nadhifu, miwani safi. Alimtazama Albano akiyumba kwenye benchi, kisha akamgeukia Eufrazia.

"Ugonjwa wa akili umemwanza lini?"

"Hana ugonjwa wa akili, daktari. Ana usonji. Lakini leo anaumwa. Nadhani ni tumbo."

"Nani kakwambia tumbo? Si umesema haongei vizuri?"

"Kadi nyekundu," alisema Albano.

Nesi aliyekuwa karibu akacheka. "Huyu naye shabiki wa timu gani?"

"Akisema hivyo ana maumivu," Eufrazia alisema, akijitahidi sauti isipande. "Naomba umwambie kabla ya kumgusa. Mwonyeshe mkono wako kwanza, umpe nafasi. Akishakuelewa atakuruhusu."

Daktari Ansbert hakumwonyesha mkono wala hakumwambia kitu. Alimpandisha shati na kumbonyeza tumbo. Albano alipiga ukelele, akamsukuma, na ile miwani safi ikadondoka sakafuni. Basi. Kuanzia hapo hakuna tena aliyezungumzia tumbo. Wakaitwa wanaume wawili wa kumshika, akachomwa sindano ya usingizi, akapelekwa wodini, akafungwa mikono kwenye kitanda kwa vitambaa vya shuka.

"Kesho tutamwandikia rufaa ya wagonjwa wa akili," daktari alisema. "Hapa atatuumizia watu."

"Basi niacheni nikae naye. Akizinduka hataelewa yuko wapi."

"Hii wodi ya wanaume, dada," nesi akajibu. "Mwanamke halali humu."

"Basi mjomba wetu akae."

"Ndugu hawaruhusiwi nje ya muda wa kuona wagonjwa. Tutamwangalia sie, ndiyo kazi yetu."

Waliondoka. Hilo ndilo lililokuja kumkera Eufrazia kuliko yote, kwamba aliondoka. Alilelewa na mama wa Masasi aliyewafundisha kuwa mtu mwenye koti jeupe habishiwi.

Kesho yake mchana, geti lilipofunguliwa kwa muda wa kuona wagonjwa, yeye na Kornelio walikuwa wa kwanza kuingia. Albano alikuwa bado amefungwa. Midomo ilikuwa imemkauka na kupasuka. Shuka lilikuwa limelowa mkojo. Eufrazia alimwekea kiganja kwenye paji la uso akakitoa haraka, maana lilikuwa moto kama kikaango. Pembeni, juu ya kimeza, bakuli la uji lilikuwa limejaa pomoni, uji umeganda utando.

"Amegoma kula," nesi alisema akipita.

Eufrazia alilitazama bakuli. Akaitazama mikono ya kaka yake, iliyokuwa na michubuko pale kitambaa kilipokaza.

"Amegoma kwa mkono gani?"

"Unasemaje?"

"Nakuuliza, sista. Mmemfunga mikono yote miwili, mkamwekea uji pale asipofikia, halafu mnasema amegoma. Amegoma kwa mkono gani?"

Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mzee mwenye bandeji mguuni, akasema taratibu, "Kalilia maji tangu alfajiri. Nimeita, nikaambiwa ndivyo walivyo."

Ndivyo walivyo! Eufrazia aliinama kitandani. Akaanza kufungua vifundo. Nesi akampigia kelele, mlinzi akaitwa. Isack, bonge la mtu, alimshika mkono wa juu akaanza kumvuta kuelekea mlangoni, huku Kornelio akiwasihi: "Taratibu, baba, huyo dada yake."

"Kadi nyekundu," Albano alisema. Sauti ilikuwa imefifia kabisa.

Eufrazia alijichomoa. Hakukimbilia nje kama Isack alivyotarajia. Alishika korido, akafuata vibao mpaka ofisi ya matroni, mkuu wa manesi, akaingia bila kubisha hodi.

Matroni Sekela alikuwa mama wa makamo, mkononi ana kikombe cha chai.

"Shikamoo mama," Eufrazia alisema, akihema. Hata katika hasira ile salamu haikumtoka kichwani.

"Marahaba. Nani kakuruhusu..."

"Kaka yangu anakufa wodini kwako, mama. Kafungwa kama mbuzi wa sikukuu, kajikojolea, mwili unawaka, na hakuna aliyejali tumbo lake tangu jana kwa sababu wamemwona chizi. Twende ukamwone kwa macho yako. Nikiwa mwongo, niite polisi mwenyewe."

Mlinzi alikuwa ameshafika mlangoni. Matroni alimtazama mlinzi, akamtazama Eufrazia, kisha akaweka kikombe chini.

Kitandani, matroni alinyoosha mkono kumgusa mgonjwa. Eufrazia akamzuia.

"Mwombe kwanza, mama. Mwonyeshe mkono."

Matroni akasita kidogo, kisha akakiinua kiganja chake mbele ya macho ya Albano. "Baba, nataka nikuguse hapa tumboni. Naomba."

Albano hakumtazama. Lakini aliacha kuyumbisha kichwa. Matroni akaweka mkono polepole, upande wa kulia, chini, akabonyeza kidogo sana. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Mtu aliyekuwa hana nguvu hata ya kuomba maji alitoa mlio uliowafanya wagonjwa wote wageuze nyuso.

"Nani alimpokea huyu?" matroni aliuliza, bila kumtazama mtu. "Mfungueni. Sasa hivi! Na niitieni daktari wa upasuaji."

Kilikuwa kidole tumbo, na kilikuwa kimeshapasuka, usaha umesambaa. Alipotoka chumba cha upasuaji, daktari mpasuaji alimwambia Eufrazia kwa sauti ya kuonya, kama mtu anayemkanya mzazi mzembe, "Mgonjwa wenu yupo mahututi. Mngemleta mapema."

"Tulimleta mapema," Eufrazia alisema. "Tulikuwa hapa tangu jana. Muulizeni aliyemfunga."

Albano alipona, ila si kwa wepesi. Kidonda kilichimbika, homa ikarudi mara mbili, akakonda mpaka shati likawa linamning'inia. Safari hii Eufrazia alikaa naye, na hakuna aliyethubutu kumwambia habari za wodi ya wanaume.

Daktari Ansbert alikuja siku moja mchana, amevaa miwani mpya. Alisimama upande wa Eufrazia, akashusha sauti.

"Dada, pole sana kwa yaliyotokea. Kazi zilikuwa nyingi siku ile. Tumshukuru Mungu."

"Mungu namshukuru kila siku," Eufrazia alisema. "Lakini mbona pole unanipa mie? Sikufungwa mie. Sikupasuka mie. Mwambie mwenyewe."

"Ataelewa?"

"Siku ile ulijuaje kwamba haelewi?"

Uso ukamshuka daktari. Kisha akazunguka kitanda, akainama.

"Albano. Samahani. Ulikuwa unaumwa, mimi sikukusikiliza."

Albano aliendelea kutazama dirisha. Baada ya kitambo akavuta shuka mpaka kidevuni, akamgeuzia daktari mgongo. Daktari akabaki ameinama, asijue kama amesamehewa, na Eufrazia hakumsaidia kujua.

Kabla hawajaruhusiwa kutoka, mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, aliwaita ofisini, akawaahidi mbele ya matroni kwamba tangu sasa mgonjwa wa namna hii atakaa na mtu wake muda wote, na kwamba hakuna atakayefungwa kitandani bila yeye mganga kuarifiwa. Kornelio alimshika mkono kwa mikono miwili. Eufrazia aliitikia kwa kichwa tu.

Wiki chache baadaye Eufrazia na Kornelio walimrudisha Albano kusafishwa kidonda. Getini walimkuta mwanamke amekaa chini kwenye vumbi, buibui limemteleza begani, analia. Jina lake Mwanakombo. Binti yake, msichana mkubwa asiyesema, alikuwa ndani peke yake. Mlinzi mwingine, si Isack, alikuwa amemtoa mama huyo nje. Eufrazia akamtajia mlinzi ahadi ya mganga mfawidhi.

"Muda wa kuona wagonjwa bado," mlinzi alisema. "Hiyo ahadi mnayoisema mie sijaambiwa."

Eufrazia alimpa Kornelio mkono wa Albano amshike. Akamwinua Mwanakombo, akampangusa vumbi mgongoni.

"Twende, mama," alisema. "Ofisi ya matroni naijua."

Mlinzi akanyoosha mkono kuwazuia. Wakapita.